Misaada ya kijirani Nairobi wakati wa korona

Misaada ya kijirani wakati wa korona ni jina la jumla kwa juhudi za wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, hasa Kibera na Mathare, kulishana na kukingana kuanzia mwaka 2020. Kisa cha kwanza nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi. Kafyu ikaanza tarehe 27. Mama mboga, mtu wa mjengo na dobi, wanaokula walichochuma siku hiyo hiyo, hawakuwa na namna ya kutii amri ya kukaa nyumbani.

Maji ndiyo yaliyotangulia, kwa kuwa huko hununuliwa kwa mtungi. Vikundi vya vijana viliweka mitungi ya lita 20 kwenye midomo ya vichochoro, mingine ikifungwa kanyagio ili mtu anawe bila kushika bomba. SHOFCO, shirika lililozaliwa Kibera mwaka 2004, lilifanya hivyo kwa upana zaidi.

Pesa zilipita njia zilizokuwepo. Chama, ambacho wanachama wake walizoea kuketi pamoja na kuchanga kwa zamu, kilihamia WhatsApp na M-Pesa mikusanyiko ilipopigwa marufuku. Safaricom, kampuni ya M-Pesa, ilikuwa imeondoa ada ya kutumiana hadi shilingi 1,000, nafuu iliyodumu hadi mwisho wa mwaka. Kwa mwenye mshahara ni hela ndogo, lakini jikoni ni unga, mafuta na makaa. Hata hivyo chama kina udhaifu ambao wanaokisifu hupenda kuuruka: wanachama wote wakikosa kibarua kwa pamoja, hakuna wa kuchanga. Hapo ilibaki kukopa dukani au kumpigia ndugu simu.

Msaada wa chakula nao haukwenda shwari daima: tarehe 10 Aprili ugawaji wa chakula Kibera uligeuka mkanyagano na polisi wakarusha vitoa machozi. Kazi Mtaani, iliyowalipa vijana kwa kusafisha mitaa, ilikuwa mpango wa serikali, ingawa mara nyingi huhesabiwa kati ya misaada hii ya kijirani.

Badiliko kubwa lilikuwa la madai ya haki. Vituo vya haki za kijamii, kikiwemo cha Mathare kilichoanzishwa mwaka 2014, viliendelea kuorodhesha waliouawa na polisi, sasa wakiwemo wahanga wa kafyu. Siku ya Saba Saba, 7 Julai 2020, waandamanaji waliingia barabarani kudai mauaji hayo yakome; wengi walikamatwa.