Mafunzo ya Porini na Vita vya Mjini

Uwanda wa kati wa nchi yetu, kutoka Mpwapwa hadi Manyoni, ni nchi ya upeo mrefu, ambamo mtu humwona ajaye angali mbali. Hata hivyo wazee wa Kigogo walijua kwamba adui aliyekwisha kufika mlangoni si sawa na yule wa mbugani. Ndiyo maana walijenga tembe: nyumba ya miti na udongo, yenye paa bapa, iliyozunguka ua wa ng'ombe. Katika zama za uvamizi wa kuteka mifugo, tembe ilikuwa makao na boma pia.

Mbuga hizi zilipata kuwa shule ya askari. Huko Kongwa, mahali ambapo serikali ya kikoloni ilishindwa kulima karanga, wapigania uhuru wa FRELIMO, na baadaye wa ANC na SWAPO, walipiga kambi kuanzia miaka ya 1960. Huko Makutupora vijana wa JKT walifunzwa ukakamavu. Na baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, mafunzo ya mgambo yalienea vijijini. Walijifunza kwenda usiku, kujificha kichakani na kuvizia. Hayo yalikuwa mafunzo ya porini.

Mwezi Oktoba 1978 nduli Idi Amin aliivamia Kagera, na Jeshi la Wananchi likaimarishwa kwa mgambo na vijana wa JKT. Vita vilipovuka mpaka, askari wengi waliolelewa vijijini walijikuta mbele ya miji. Mjini mambo hugeuka. Barabara iliyonyooka huwa njia ya risasi, dirisha la ghorofani huwa maficho ya adui, na kila chumba hapana budi kiingiwe kwa hadhari, mmoja akitangulia na mwenziwe akimlinda. Tena nyuma ya ukuta huenda akawamo mama na wanawe. Hapo ndipo penye mtihani.

Februari 1979 mji wa Masaka ulitekwa, na sehemu yake kubwa ikabomolewa kwa kulipiza yaliyotendwa Kagera. Hatuna sababu ya kulificha jambo hilo, maana historia iliyofichwa haimfunzi mtu. Kampala ilipokaribiwa, shauri lilikuwa jingine. Mwalimu Nyerere aliagiza njia ya mashariki, iendayo Jinja, iachwe wazi ili askari wa Libya waliomsaidia Amin wapate kuondoka, mitaa isigeuke machinjio. Kikosi cha Luteni Kanali Benjamin Msuya kiliingia katika mji kisioujua, wala hakikuwa na ramani yake. Wenyeji ndio waliokionyesha njia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni naye aliponywa na mwenyeji. Tarehe 11 Aprili 1979 mji ulikuwa umekwisha kutwaliwa.

Basi tuwafunze nini vijana wetu? Kwamba shabaha na wepesi wa miguu ni nusu tu ya mafunzo ya askari, na nusu ya pili ni kumtambua raia na kumheshimu. Wazee wa tembe walijenga kuta kuwalinda waliomo ndani. Aingiaye na bunduki katika mji wa watu na akumbuke kwamba kuta zile nazo zilijengwa kwa nia hiyo hiyo.