Dawa ya Moto Haikuwa Moto

Wazee walisema dawa ya moto ni moto. Kwa farasi wa mbio, maneno hayo hayakuwa fumbo hata kidogo. Kwa mamia ya miaka, huko Ulaya na Uarabuni, farasi aliyeumia ukano wa mguu alifungwa kamba, akashikwa na wanaume wenye nguvu, kisha akachomwa kwa chuma kilichoiva moto. Chuma kilipitishwa juu ya ngozi mistari mistari, au kikachomekwa kama sindano nene hadi kwenye ukano wenyewe. Waarabu nao wana msemo wao kwamba dawa ya mwisho ni kuchoma. Hoja ilikuwa hivi: moto utaita damu, damu italeta uponyaji, na makovu yatakaza mguu kama bandeji isiyofunguliwa. Baada ya mateso hayo farasi alipelekwa malishoni akapumzika karibu mwaka mzima. Wengine walirudi uwanjani na kushinda, na watu wakapiga makofi: mmeona? Chuma kimeponya!

Hebu tusimame hapo, msomaji. Ni chuma kilichoponya, au ni ule mwaka wa majani na usingizi? Swali dogo tu, lakini lilikaa karne na karne bila jibu. Ukano umejificha chini ya ngozi, na ukitaka kuuona ni lazima umpasue farasi. Kwa hiyo kila mtu alisema lake. Mwenye sauti kubwa ndiye aliyeaminiwa, na aliyelipa gharama ni mnyama asiye na mdomo wa kujitetea.

Ili tuelewane, tuutazame mguu wenyewe. Chini ya goti la mbele farasi hana msuli wa kukimbilia. Kuna mfupa, ngozi na kano. Mnyama ana uzito wa kilo 500 hivi, na akiwa mbioni kuna nukta ambayo uzito wote huangukia mguu mmoja. Ukano ulio nyuma ya mguu hunyooka kama mpira wa manati, kisha hurudi. Wataalamu wamepima wakaona unaweza kurefuka kwa asilimia 16 hivi, kiasi kilicho karibu sana na kukatika. Zaidi ya hayo, katikati yake joto hupanda hadi nyuzi 45 za Selsiasi. Nyuzi za ndani huchakaa polepole bila kelele, hadi siku moja zinaachia.

Hapo ndipo penye hila. Uvimbe hutokea, mguu unawaka moto, farasi anachechemea. Lakini wiki chache zikipita, uvimbe hupungua, joto hutulia, naye anatembea vizuri kama aliyepona. Mwenye farasi anaona pesa inalala zizini. Anasema, "Huyu mzima bwana, mtoeni!" Kumbe ndani bado kuna shimo. Farasi anarudi mbioni, ukano unachanika upya, mara nyingi vibaya kuliko mwanzo. Mashine ya eksirei haikusaidia sana, kwa sababu yenyewe ni rafiki wa mifupa.

Mfano wa enzi hiyo ya giza ni Seabiscuit wa Marekani. Mnamo Novemba 1938 alimshinda War Admiral, na nchi nzima ikamjua. Februari 1939 akaumia mguu wa mbele wa kushoto. Hakuumia ukano hasa bali ndugu yake, ule utepe mgumu unaokishikilia kifundo cha mguu kwa nyuma. Wengi walisema amekwisha. Mwenyewe, Charles Howard, akamrudisha shambani kwake California. Huko alikuwapo pia mpanda farasi wake, Red Pollard, ambaye naye alikuwa amevunjika mguu. Majeruhi wawili wakapona pamoja, wakianza na kutembea tu. Tarehe 2 Machi 1940 wakashinda mbio za Santa Anita, zile zile ambazo farasi huyo alikuwa amezikosa mara mbili kwa pua tu.

Hadithi tamu, sivyo? Mwandishi yeyote angeitamani. Lakini usisahau kwamba watu wale walikuwa wakipapasa gizani. Walitumia vidole, macho na subira, na bahati ikawaangukia. Kwa Seabiscuit mmoja aliyerudi, hesabu wangapi waliorudi mapema na kuanguka, na jina lao hakuna alijuaye.

Sasa jicho lilipatikanaje? Lilipatikana baharini, tena vitani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Mfaransa Paul Langevin alitafuta njia ya kuzigundua nyambizi za Wajerumani kwa kupeleka sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Baadaye viwanda vikatumia ujanja huo kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Katika miaka ya 1950 daktari Ian Donald wa Glasgow, Uskoti, akaichukua mashine ya kukagua vyuma akaielekeza kwenye matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha picha zao katika jarida la Lancet. Leo kila mama mjamzito mjini anaijua altrasaundi.

Farasi alisubiri zamu yake. Mwaka 1982, Mmarekani Norman Rantanen alichapisha taarifa kuhusu kutumia altrasaundi kwenye miguu ya farasi. Kazi yenyewe haina makuu. Nywele zinanyolewa nyuma ya mguu, jeli inapakwa, kichwa cha mashine kinawekwa juu ya ngozi. Ukano mzima unaonekana mweupe, wenye nyuzi zilizolala sambamba kama mkeka uliosukwa vizuri. Uliochanika unaonyesha doa jeusi katikati. Kwa mara ya kwanza shimo likaonekana bila kisu, na farasi yuko hai, amesimama, anatafuna nyasi.

Mwaka mmoja baadaye, 1983, Ian Silver na wenzake wa Bristol, Uingereza, wakatoa matokeo ya utafiti wao juu ya kile chuma cha moto. Waligundua kwamba kuchoma hakukuusaidia ukano kupona. Kuliongeza maumivu na kuiharibu ngozi. Kilichoponya ni mapumziko. Chuma kilikuwa kimejitwalia sifa za watu wengine, kama bosi anayesifiwa kwa jasho la kibarua. Mwaka 1991 chuo kinachosimamia madaktari wa mifugo Uingereza kikatamka kwamba kuchoma si halali kimaadili, ingawa wapo madaktari walioendelea kukitetea.

Lakini mapumziko matupu nayo si jibu. Ukano unapopona hujaza shimo kwa nyuzi mpya zilizolala ovyo ovyo, kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Zinahitaji mvuto kidogo kidogo ili zijipange. Ukimfungia farasi tu, kovu linabaki hovyo. Ukimkimbiza mapema, linachanika. Kwa hiyo madaktari wakaunda ratiba. Anaanza kwa kutembezwa kwa kamba dakika chache kwa siku, zinaongezwa wiki hadi wiki, kisha miezi ikipita anaruhusiwa kukimbia polepole, na mbio kamili huja mwisho kabisa. Safari yote huchukua miezi 9 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, kabla ya kupanda ngazi, anapigwa picha. Unene wa ukano unapimwa, na ukikutwa umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 10 tangu picha iliyopita, kazi inapunguzwa. Hakuna ubishi na tajiri. Picha ndiyo hakimu.

Hata hakimu huyo alikuwa na udhaifu. Ukikiinamisha kichwa cha mashine kidogo tu, ukano mzima unaonekana mweusi kama mgonjwa. Ndipo Hans van Schie wa Uholanzi na wenzake wakabuni njia ya kukisogeza kwa mtambo, bila kutegemea mkono wa mtu. Unapiga picha 600 katika sentimita 12, kisha kompyuta inazipaka rangi. Kijani ni nyuzi zilizojipanga, buluu ni zilizopindapinda, nyekundu ni zilizovurugika, nyeusi ni mahali pasipo na nyuzi. Hata waliokuja na tiba mpya, kama Roger Smith na wenzake wa London, ambao mwaka 2003 walieleza jinsi walivyodunga seli shina kutoka kwenye uboho wa farasi mwenyewe, bado walihitaji altrasaundi kuiongoza sindano na kufuatilia matokeo.

Hapa Afrika Mashariki pia farasi hukimbia. Uwanja wa Ngong Road, Nairobi, umekuwa na mbio tangu 1954, na kano za farasi wa Nairobi hazina tofauti na za California. Vijana wengi wa mjini hupita nje ya ukuta wakidhani huo ni mchezo wa matajiri tu. Sawa, labda. Lakini mguu unaouma si wa tajiri, ni wa farasi.

Mimi ninachokiona katika historia hii ni kwamba ukatili ule haukufanywa na watu wabaya. Waliochoma wengi wao waliwapenda farasi wao. Walikosa njia ya kuona, halafu wakageuza dhana yao kuwa ujuzi, na ujuzi ukageuka mila. Mashine haikuleta huruma mpya. Ilichofanya ni kuwanyima watu kisingizio. Daktari akishaliona doa jeusi, kisha akamruhusu farasi akimbie kwa sababu kuna zawadi Jumapili, hawezi tena kusema hakujua.