Paukwa Bila Pakawa

Hebu tuambiane ukweli. Wengi wetu tunaotaka kuandika kitabu siku hizi hatushiki kalamu. Tunashika simu, tunabonyeza kurekodi, tunaongea. Poa kabisa, mpaka dakika ya pili. Mtu wa Wasini ana maneno ya kujaza mwezi mzima, kuanzia mapango ya Shimoni ng'ambo ya pili mpaka harusi ya juzi. Lakini simu ikianza kurekodi, ghafla anageuka mtangazaji wa taarifa ya habari: "Wasini ni kisiwa kilichoko kaunti ya Kwale..." Halafu kimya. Kesho anajaribu tena, kimya kilekile.

Utaambiwa huna nidhamu. Utaambiwa ushushe programu nyingine. Mimi chuo niliacha, kwa hivyo sina hotuba ya profesa, lakini historia ya pwani yetu naisoma sana, na inaniambia kitu tofauti. Maneno hayajaisha. Aliyekosekana ni msikilizaji.

Fikiria ngano za nyanya zetu. Nyanya akisema "Paukwa," haendelei mpaka watoto waitike "Pakawa." Wasipoitika, hakuna hadithi. Anataka kujua kuna mtu macho. Sasa wewe unaiambia simu "Paukwa" usiku kucha, nani akuitikie?

Angalia Pate. Bwana Kitini, mzee wa ukoo wa Nabahani, alikuwa na historia ya wafalme wa kule kichwani. Mwingereza mmoja, Stigand, aliisikiliza kwake, akaitia kwenye kitabu chake cha mwaka 1913, The Land of Zinj. Ziko nakala nyingine za historia hiyo zinazotokana na mzee huyohuyo, na hazifanani neno kwa neno. Watu wa vitabu huumia kichwa hapo. Mimi sishangai. Hata wewe kisa cha ugomvi wa mtaani humpi mamako vile unavyompa rafiki yako.

Njoo Mombasa, miaka ya 1970. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikaa na akina mama watatu: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Hawakuja na miswada. Walisimulia maisha yao, wakaulizwa, wakasimulia tena. Kikatoka kitabu cha Kiingereza mwaka 1989, na cha Kiswahili mwaka 1991.

Na si Waswahili peke yetu. Mwaka 1866, Dostoevsky wa Urusi alibanwa: asipomkabidhi mchapishaji riwaya mpya kufikia Novemba 1, mtu yule angechapisha kazi zake miaka tisa bila kumlipa. Oktoba imeingia, riwaya haipo. Akamtafuta binti wa miaka 20, Anna Snitkina, aliyejua kuandika kwa hati mkato. Mmoja anasema, mwenzake anaandika, na kwa siku 26 riwaya ya The Gambler ikakamilika. Mwaka uliofuata wakaoana, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo panaponiuma. Historia ya Vumba, ya madiwani waliotawala pwani hii ya kusini, iliandikwa na Hollis na kuchapishwa kwenye jarida la London mwaka 1900. Kivumba chenyewe, lugha ya Wasini na Vanga, kiliandikiwa kitabu na Lambert mwaka 1957. Wote wawili waliwahi kuwa maafisa wa serikali ya kikoloni. Sisi tuliozaliwa na lugha hiyo masikioni tulikuwa wapi? Hawakuwa na maneno kutushinda. Walikaa, wakauliza, wakasikiliza. Na jina lililobaki juu ya karatasi ni la aliyesikiliza, si la mzee aliyesema.

Ndiyo maana hili jambo si la "nimekwama, nitaandika mwakani." Mzee hangoji mwakani. Na ukiongea peke yako, ulimi wako unakimbilia Kiswahili cha mtihani, kwa sababu ndicho ulichozoeshwa kusema mbele ya asiyekujua. Akikaa mbele yako shangazi anayekujua, Kivumba kinarudi chenyewe.

Kwa hivyo fanya hivi. Simu iweke kando ya mkeka, uisahau. Mtafute mtu mmoja: nyanya, mjomba, hata mdogo wako msumbufu. Mwambie akuulize maswali matatu tu: Ikawaje? Nani mwingine alikuwepo? Wewe ulijuaje? Au geuza, umuulize yeye. Ukikwama, rudi kwa swali, usirudi kwa simu. Kuandika na kupanga kutakuja baadaye, hiyo kazi utaifanya peke yako.

Na kitabu kikitoka, jina la aliyesimulia liwe juu ya jalada, kando ya lako.

Haya. Nani atakuwa Pakawa wako wiki hii?