Nyumba za kupangisha Karagwe

Nyumba ya kupangisha ni nyumba, chumba au fremu ya duka ambayo mwenyewe humkabidhi mtu mwingine aitumie kwa muda, akalipwa kodi ya pango. Kiswahili kimelipatia neno kodi kazi mbili: fedha anayopewa mwenye nyumba na fedha inayodaiwa na serikali. Anayeingia katika biashara hii atakutana na zote mbili kabla mwaka haujaisha.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, wapangaji wengi wako kwenye miji midogo kama Kayanga, Omurushaka na Nkwenda. Kata ya vijijini kama Chonyonyo, iliyoko Karagwe, ina soko dogo zaidi. Huko mpangaji wa kawaida ni mwalimu au mhudumu wa afya aliyepangiwa kituo mbali na kwao, naye hutafuta chumba karibu na kazi, chenye mlango unaofungika na bati lisilovuja. Mahitaji yanaongezeka: kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, wakazi wa Kagera walitoka 2,458,023 wakafika 2,989,299. Barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene, ya kilomita 59 hivi, nayo imeisogeza Karagwe karibu na Bukoba.

Kodi si jambo geni kwa Wanyambo na Wahaya, wenyeji wa Kagera. Chini ya nyarubanja, mfumo wa zamani wa kumiliki ardhi, watawala waliwagawia wakubwa mashamba mapana, na wakulima waliokuwa wakiishi humo wakageuka wapangaji, yaani batwarwa, wanaolipa kwa mazao, kwa kazi na baadaye kwa fedha. Sheria za 1965 na 1968 ziliwakomboa, wakawa na haki juu ya vibanja walivyokuwa wakivilima. Kumbukumbu hiyo haijafutika. Katika familia nyingi kibanja ni migomba, mibuni, nyumba na makaburi ya wazee kwa pamoja, na mtu hakiuzi kama auzavyo baiskeli.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwekezaji ni kujua ardhi ni ya nani, tofali zitafuata. Kesi inayofaa kusomwa na kila mnunuzi ilitoka Kagera kwenyewe. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, alipinga akisema mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo inakiuka haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Lakini hukumu hiyo haikumfungia ndugu mlango wa kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei iliyolipwa. Mnunuzi aliyemwona muuzaji peke yake, bila kuuliza ukoo, anaweza kujikuta amerudishiwa fedha zake huku msingi umeshachimbwa.

Mke au mume naye lazima aulizwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia nyumba ya wanandoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Anachonunua mtu ni haki ya kuitumia. Mjini, kiwanja kilichopimwa hupewa hati ya hadi miaka 99. Kijijini inatawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, iliyoanza kutumika 2001, na karatasi inayotolewa ni hati ya hakimiliki ya kimila. Kisheria haki hiyo ina hadhi sawa na haki ya mjini, na anayeidharau anakosea. Huanzia kwa halmashauri ya kijiji, hivyo makubaliano yanayofanyika nyumbani kwa muuzaji, mashahidi wawili wakiweka dole gumba, hayatoshi. Wasio raia hawamilikishwi ardhi ila kwa uwekezaji ulioidhinishwa, jambo la kukumbukwa katika wilaya zinazopakana na Uganda na Rwanda.

Kujenga nako kuna somo lake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9, kwa kipimo cha wataalamu wa Marekani, lilipiga Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Hasara kubwa iliangukia kuta za tofali zilizoshikwa kwa udongo, zisizo na mkanda wa zege juu ya madirisha. Anayejenga vyumba sita vya kupangisha analaza chini ya bati moja watu wasio ndugu zake, na nondo za linta si mahali pa kubana matumizi. Mtu akiishiwa fedha, heri apunguze vyumba.

Fedha za ujenzi hapa hutoka kwenye kahawa, mshahara, SACCOS au mkopo. Msimu wa kahawa ukifika, mabati mapya huonekana. Lakini mkulima wa Kagera anaijua pia butura: kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya mwenye shida. Mwenye nyumba anayechukua kodi ya miaka miwili mbele ili amalizie paa anafanya jambo la jamaa moja na hilo. Mwaka wa pili bei zimepanda, choo kimejaa, na kodi ilishaliwa.

Hesabu yenyewe ifanywe kwa ukali. Tuchukue vyumba vinne vilivyogharimu shilingi 9,300,000, kila kimoja kikipangishwa kwa 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,440,000, na mjenzi hujiambia fedha itarudi katika miaka sita na nusu. Sasa kila chumba kikae kitupu miezi miwili: zinabaki 1,200,000. Ondoa kodi ya serikali ya asilimia 10, yaani 120,000, kisha 150,000 za rangi, vitasa na fundi wa bati. Mkononi zinabaki 930,000, na miaka sita na nusu imekuwa kumi. Hizi ni namba za mfano, kila mahali pana bei zake, lakini pengo kati ya hesabu mbili hizo ndilo linalowaangusha wanaoanza.

Nyumba ikishapata watu, ugomvi wa kila siku huwa kwenye umeme. Vyumba vinne, mita moja ya LUKU ukutani: mmoja ana pasi, mwingine ana jiko la umeme, wa tatu ana taa tu na anataka alipe kidogo. Kuweka mita ndogo kwa kila chumba tangu mwanzo ni nafuu kuliko kusuluhisha watu kila Jumamosi. Tangu Agosti 2021, pale kodi ya majengo inapotozwa, hukatwa mtu anaponunua umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, ilhali anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo haki ni fedha hiyo ipunguzwe kwenye pango. Mwenye nyumba mwungwana huliandika hilo kwenye mkataba bila kuombwa.

Mkataba wa mwaka mmoja au pungufu sheria inauruhusu hata uwe wa mdomo. Hata hivyo ukurasa mmoja wenye majina, kiasi, tarehe ya kulipa, muda wa notisi na hali ya chumba siku ya kuingia huokoa mengi. Sheria iliyodhibiti viwango vya kodi, ya 1984, ilifutwa 2005, hivyo bei ni ya maelewano. Hilo halimpi mwenye nyumba ruhusa ya kung'oa mlango au kutupa vyombo vya mtu uwani. Sheria ya Ardhi inamlinda mpangaji akae kwa utulivu maadamu anatimiza masharti.

Mwenye nyumba na mpangaji wakishindwana, huanzia baraza la kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila mwafaka, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kinachotangulia kuulizwa ni karatasi.