Mwanga wa Kubeba: Kutoka Misafara ya Kivinje hadi Madungu ya Lindi

Vijana wanaopanga kutembea kwa miguu na kulala porini huku Kilwa na Lindi hubishana sana kuhusu tochi: ya mkononi au ya kichwani, ya betri au ya sola. Ubishi wenyewe ni mpya. Kwa sehemu kubwa ya historia ya pwani hii, msafiri hakubeba taa kabisa.

Angalia Kilwa Kivinje ya karne ya 19. Misafara ilitoka pale hadi upande wa Ziwa Nyasa, ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Walianza mwendo alfajiri na kutua mchana, na giza likiingia wanakaa kwenye moto ndani ya boma la miiba. Taa za mafuta ya nazi, ufuta au nyonyo zilikuwepo, lakini hizo ni taa za ndani. Utambi uko wazi, upepo kidogo tu wa kusi, imezimika. Aliyelazimika kutoka usiku alichukua kijinga cha moto au mwenge wa makuti, ambao unawaka kwa fujo halafu unakuishia katikati ya njia. Basi ratiba ya safari ilipangwa na mwezi.

Kilichobadilisha mambo ni mafuta ya taa pamoja na kioo cha kukinga upepo. Mafuta yalikuja na meli kwenye mabati ya mraba, ndiyo yaliyotupa debe la kupimia mahindi hadi leo (historia ya vitu vidogo ina raha yake). Chemli, kwa jina, ni bomba la moshi la Waingereza lililopita kinywani mwa Waswahili. Karabai nayo imebaki na jina la kabaidi, kemikali ya taa za zamani, ingawa hii inayovulia dagaa inatumia mafuta ya taa na pampu. Inang'aa kweli, lakini nani atembee nayo porini? Nzito, inavuma, na kioo kikipasuka kazi imekwisha.

Uzito si jambo dogo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, na wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Zaidi ya tani 200 zilipita mabegani mwao, na ile mifupa mikubwa imesimamishwa makumbusho ya Berlin mpaka leo. Bega la namna hiyo halina nafasi ya chemli. Kwao mwanga ulikuwa kuni walizookota pale walipolala.

Tochi ndiyo iliyoufanya mwanga kuwa wa mfukoni. Wengi wetu tuliokulia mikoani tunakumbuka betri kubwa zikianikwa juani ili zisukume usiku mmoja zaidi.

Ila huku kusini mwanga si suala la starehe. Mkulima wa Lindi hulala shambani ndani ya dungu kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori, na nguruwe huyo ndiye anayemvuta simba. Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha mwaka 2005 kwamba simba waliua Watanzania wasiopungua 563 kati ya 1990 na 2004, na Lindi ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Mwaka 2011 Packer na wenzake wakaonyesha jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: mashambulizi mengi yalitokea kati ya magharibi na saa nne usiku, na yalizidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Sababu inaeleweka. Mwezi ukishapita siku ya 15 unachelewa kuchomoza, takriban dakika 50 zaidi kila siku, kwa hiyo jua likizama linaacha giza tupu wakati watu bado wako njiani.

Kwa hiyo ukiniuliza tochi gani, nitakuuliza kwanza mwezi una siku ngapi. Tochi kali inakuonyesha hatua 50 mbele na kukupofusha pembeni na nyuma, na simba hana desturi ya kuja usoni. Mimi nachagua taa mbili: tochi ya kichwani yenye mwanga wa kupunguza, mikono ibaki huru, na taa ya sola ya kuning'iniza inayomwaga mwanga pande zote pale mnapolala. Mwezi ukiwa na siku nane au kumi, unakuwa juu tayari jua linapotua, na hautui mpaka usiku wa manane au baada yake. Ukiwa na siku 18, hakikisha magharibi inakukuta umeshafika.

Gesi ya Songosongo, kisiwa cha hapa hapa Kilwa, imekuwa ikizalisha umeme wa Dar es Salaam tangu 2004. Kwenye madungu bado wanahesabu siku za mwezi.