Madaraja ya ufaulu: Alama zinazofungua na kufunga milango ya vyuo

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, familia nyingi za wilayani Mbinga na katika mwambao wa Ziwa Nyasa hujikuta mbele ya hesabu ngumu kuliko ile ya bei ya kahawa. Kijana amefaulu, daraja lake limebandikwa ubaoni, lakini swali la msingi hubaki palepale: je, ufaulu huo unatosha kumpeleka chuo kikuu?

Kigonsera, iliyopo katika barabara ya Songea kwenda Mbinga, ina historia ndefu katika suala hilo. Hapo ndipo palikuwa na seminari iliyotokana na kazi ya wamisionari Wabenediktini, na miongoni mwa waliosoma hapo ni Rais wa awamu ya tatu, hayati Benjamin Mkapa, ambaye baadaye alihitimu Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Leo shule ya sekondari ya Kigonsera ni shule ya serikali ya wavulana, na wahitimu wake hupimwa kwa vigezo vilevile vinavyotumika nchi nzima.

Vigezo hivyo, hata hivyo, haviko katika kitabu kimoja. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina utaratibu wake. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ina wa kwake. Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), ambalo awali lilijulikana kama NACTE, nalo lina wa kwake. Mzazi asiyefahamu tofauti hizo anaweza kulipa ada ya maombi kwa kozi ambayo mwanawe hana sifa nayo.

Daraja la kidato cha nne na cha sita

Katika mtihani wa kidato cha nne, alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya hapo ni F. Kila daraja hupewa pointi, A ikiwa na pointi 1 na F pointi 5. Masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa hujumlishwa. Mwenye pointi 7 hadi 17 hupata daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, na 26 hadi 33 la nne. Pointi 34 na 35 ni sifuri.

Kidato cha sita kina kipimo kikali zaidi. A huanzia alama 80, B 70, C 60, D 50, E 40 na S 35. Huhesabiwa masomo matatu ya tahasusi, na pointi huanzia 1 kwa A hadi 7 kwa F. Daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9, la pili 10 hadi 12, la tatu 13 hadi 17 na la nne 18 hadi 19.

Madaraja hayo hayakudumu bila misukosuko. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri. Serikali iliyafuta na kuagiza yapangwe upya. Mwaka 2014 ukaingizwa mfumo wa wastani wa alama, maarufu kama GPA, lakini mapema mwaka 2016 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akaagiza madaraja ya zamani yarejeshwe. Ndiyo maana waliohitimu kidato cha sita mwaka 2014 na 2015 hadi leo wana kifungu chao cha peke yake katika miongozo ya udahili.

Pointi zinapogeuzwa

Hapa ndipo wengi hukosea. NECTA huhesabu pointi chache kuwa ndiyo ufaulu mzuri, wakati TCU huhesabu kinyume chake. Kwa waliohitimu kabla ya mwaka 2014 na wale wa kuanzia mwaka 2016, TCU huipa A pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1 na S nusu pointi. Sharti la chini la kujiunga na shahada ya kwanza ni masomo mawili yenye ufaulu kamili, yaani A hadi E, ambao wanafunzi huuita "prinsipo", na masomo hayo mawili yafikishe jumla ya pointi 4.

Mfano ufuatao unaonyesha uzito wa jambo hilo. Mwanafunzi wa kwanza amepata E katika masomo yote matatu. Kwa hesabu ya NECTA ana pointi 15, daraja la tatu. Mwanafunzi wa pili amepata D mbili na F moja. Naye ana pointi 15, daraja la tatu. Kwa TCU, wa kwanza ana pointi 2 tu katika masomo mawili bora, hivyo hana sifa. Wa pili ana pointi 4, na ametimiza sharti la chini ingawa amefeli somo moja.

Aidha, kutimiza sharti la chini si kupata nafasi. Kila programu huwa na masharti yake kuhusu masomo yanayotakiwa. Shahada ya udaktari wa binadamu, kwa mfano, hudai ufaulu kamili katika Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pamoja, na jumla isiyopungua pointi 6. Mwenye D mbili za Historia na Jiografia hawezi kuingia humo hata akiwa na pointi za ziada.

Njia ya stashahada

Kwa asiyepata sifa hizo, mlango haujafungwa kabisa. Mwenye ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kwa daraja D au zaidi na bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuanza ngazi ya cheti chini ya NACTVET na kupanda hadi stashahada, ambayo ni ngazi ya sita. Akihitimu stashahada kwa GPA isiyopungua 3.0, na akiwa na ufaulu huo wa masomo manne, anaruhusiwa kuomba shahada. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kozi ya msingi kwa wenye upungufu, na kwa wanaopitia njia hiyo GPA ya chini nayo ni 3.0.

Umuhimu wa kuhakiki sifa mapema ulionekana Mei 2016, pale serikali ilipowarudisha nyumbani zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Baadaye walichujwa kwa kuangalia matokeo yao ya kidato cha nne, na wengi wa waliobaki na sifa wakapangiwa vyuo vya ualimu.

Ithibati ya chuo nayo ni ya kuangaliwa. Februari mwaka huohuo TCU ilifuta kibali cha chuo kishiriki cha Mtakatifu Joseph kilichokuwa Songea, na wanafunzi wake wakahamishiwa vyuo vingine.

Alama ndani ya chuo

Anayefika chuoni hukuta kipimo kingine tena. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A huanzia alama 70, B+ 60, B 50 na C 40, ambayo ndiyo alama ya kufaulu. Kwa kawaida kazi za muhula, yaani majaribio, insha na mazoezi ya vitendo, huchukua asilimia 40, na mtihani wa mwisho asilimia 60. Mwanafunzi anayepuuza majaribio kwa kutegemea mtihani wa mwisho huwa amekwisha kupoteza karibu nusu ya alama zake.

GPA ya chuo hupatikana kwa kuzidisha pointi za kila somo kwa krediti zake, kisha kugawanya kwa jumla ya krediti. A ina pointi 5, B+ 4, B 3 na C 2. Mwanafunzi mwenye A katika somo la krediti 12, B katika somo la krediti 10 na C katika somo la krediti 8 ana jumla ya pointi 106 kwa krediti 30, sawa na GPA ya 3.5. Hilo ni daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5 hadi 4.3. Kama B hiyo ingekuwa C, GPA ingeshuka hadi 3.2, daraja la pili la chini. Daraja la kwanza huanzia 4.4, na GPA iliyo chini ya 2.0 haitoshi kuhitimu.

Mwanafunzi aliyefeli somo hupewa mtihani wa marudio, maarufu kama "sapu". Katika vyuo vingi, hata akipata alama 90 katika marudio hayo, huandikiwa C. Akishindwa tena anaweza kulibeba somo hadi mwaka unaofuata au kuondolewa chuoni, hali ambayo wanafunzi huiita "kudisko". Kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, kutopanda mwaka kunaweza pia kusimamisha fedha.

Darasani, vyuo vingi hudai mahudhurio ya angalau asilimia 75 ya vipindi kabla ya kumruhusu mwanafunzi kufanya mtihani. Kuingia na simu katika chumba cha mtihani huhesabiwa kuwa udanganyifu hata kama haikutumika, na kunakili kazi ya mwingine bila kumtaja ni kosa lenye adhabu.

Maombi yenyewe, tangu mwaka 2017 mfumo wa pamoja wa TCU ulipoondolewa, hupelekwa moja kwa moja chuoni, na kila chuo hutoza ada yake. Kwa hiyo mwombaji anapaswa kwanza kupata mwongozo wa udahili wa mwaka husika, kutafuta jina la chuo na programu anayoitaka, kuhesabu pointi zake kwa kipimo cha TCU na si cha NECTA, ndipo alipe.