Ujuzi Uliostaafu

Watu wengi hudhani kwamba ujuzi wa kiwanda hukaa katika makabati. Michoro imo, vitabu vya hesabu vimo, na ye yote ajuaye kusoma aweza kufungua na kuendelea pale walipoachia wenzake. Dhana hii ina ukweli, lakini si ukweli mzima. Marekani, taifa lisilokosa maabara wala fedha, lilikuja kuujua upungufu wake kwa gharama kubwa.

Mahali pa habari hii ni kiwanda cha Y-12, huko Oak Ridge katika jimbo la Tennessee. Kilianza kujengwa mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na urani iliyotengwa humo ndiyo iliyotiwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Tangu mwaka 1975 hadi 1989 kilitengeneza kitu kilichopewa jina la Fogbank, kwa ajili ya silaha ya nyuklia iitwayo W76, ambayo huchukuliwa na makombora ya nyambizi. Fogbank ni nini hasa? Serikali ya Marekani haijasema. Kwetu yatosha kujua kwamba ilikuwa ngumu kutengeneza, na kwamba bila hiyo silaha ile haikamiliki.

Mwaka 1989 kazi ilikwisha, na watu wakatawanyika. Hasara haikuonekana, kwa kuwa hapakuwa na haja ya Fogbank mpya. Haja ilirudi ilipoamuliwa kwamba silaha za W76 zifanyiwe matengenezo ili zidumu miaka mingine mingi, na mpango huo ukaanza mwaka 2000. Hapo ndipo makabati yalipofunguliwa. Ripoti ya wakaguzi wa serikali ya Machi 2009 yaeleza kilichoonekana: kumbukumbu za utengenezaji wa miaka ya 1980 zilikuwa chache, na karibu wote waliokuwa na ujuzi wa kazi ile walikuwa wamestaafu au wameondoka.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini tuisikitikie silaha ya kuangamiza miji. Swali hilo ni la haki, nami sina machozi ya kulia hapo. Lakini maradhi yaliyoupata mtambo wa bomu hayachagui. Yaweza kuupata vile vile mtambo wa kuchuja maji ya mji, au wa kutengeneza dawa.

Basi mahali papya pa kazi pakajengwa, na mafundi wapya wakaifuata njia ya zamani kwa kadiri walivyoweza kuisoma. Walichokipata hakikuwa Fogbank iliyotakiwa. Matengenezo yakachelewa kama mwaka mmoja, na karibu dola milioni 70 zikatumika zaidi. Hatimaye wataalamu walirudi kwenye karatasi za kale, wakazichunguza upya, wakalipata jambo la ajabu. Zamani malighafi mojawapo ilikuwa na kemikali iliyoacha taka kidogo katika Fogbank. Njia ya kisasa ya kusafisha ilikuwa bora kuliko ya kale, ikaiondoa kemikali ile. Na kumbe taka ile ndiyo iliyokuwa ikihitajika!

Karatasi za zamani ziliitaja, lakini kama adui tu: ziliweka kiasi ambacho haifai kuzidishwa, wala hazikusema kiasi ambacho haifai kupungua. Ni kama mpishi aliyeandika kwamba chumvi isizidi kijiko kimoja, naye siku zote anapikia maji ya kisima cha pwani, yenye chumvi yake. Mjukuu wake akija na maji ya mvua, akaifuata karatasi neno kwa neno na asitie chumvi hata chembe, hajavunja sharti lo lote, na chakula chake hakiliki.

Tena hata kama wazee wote wa Y-12 wangaliitwa na kuulizwa, siri hii wasingaliitoa, maana hawakuijua. Walijua kutengeneza Fogbank. Kwa nini ilikubali, hawakujua. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki. Kama kazi isingalikatika, siku usafishaji ulipobadilishwa kitu kingaliharibika mbele ya macho ya watu waliokizoea, nao wangaliuliza mara moja ni nini kilichogeuzwa juma lile. Miaka mingi ilipopita katikati, vitu vilivyogeuka vilikuwa vingi mno: vyombo, majengo, malighafi na mikono yenyewe.

Fogbank ilitengenezeka tena mwaka 2008, na matengenezo ya W76 yakamalizika Desemba 2018. Wataalamu waliokieleza kisa hiki hadharani hawakuitaja kemikali ile kwa jina.